Pima mara tatu kabla ya kununua betri mpya

Unapiga stata, unasikia "tak-tak-tak-tak", taa za dashibodi zinafifia, gari haliwaki. Kila anayepita anatoa hukumu ileile: betri imekufa, nunua nyingine. Huenda ni kweli. Lakini sauti hiyohiyo huletwa na temino (kibano cha waya kwenye betri) iliyolegea, huletwa na alternata (jenereta ya gari inayochaji betri) isiyochaji, na huletwa na taa ndogo ya buti iliyowaka siku tatu bila mtu kujua. Ukinunua betri mpya bila kujua ni kipi kati ya hivyo, unaipeleka betri nzima kwenye shimo lilelile lililomeza ya kwanza.

Kujua si kazi ngumu. Unahitaji multimita ya kawaida ya dijitali, spana namba 10 (magari machache hutaka 8, 12 au 13), brashi ya waya au msasa, magadi soda, mafuta ya mgando, glavu na miwani ya kukinga macho. Miwani si pambo. Betri inapochaji hutoa gesi ya hidrojeni, na cheche moja karibu na vifuniko vyake inatosha kuilipua na kurusha asidi usoni. Usivute sigara hapo, usiwashe kiberiti ili uone maji yamefika wapi, na uvue pete na saa ya chuma kabla hujagusa kitu. Pete ikigusa chanya na bodi kwa pamoja huwa nyekundu kama kaa kabla hujapata muda wa kuvuta mkono.

Sikiliza kabla ya kupima

Washa taa kubwa, kisha piga stata huku mtu mwingine akiziangalia.

Zikififia karibu kuzimika na ukasikia mlio wa haraka wa tak-tak-tak, umeme upo lakini hautoshi. Mlio huo hutoka kwenye solenoidi ya stata, yaani swichi ya sumaku inayoipitishia umeme. Inavuta, stata inaomba mkondo mkubwa, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Hapo ama betri imeisha chaji, ama imechoka, ama temino haishiki vizuri.

Taa zikibaki kali na ukasikia "tak" moja tu nzito, betri kwa kawaida haina kosa. Shuku stata yenyewe au waya mnene unaoifikia. Taa zikiwa kali na kukawa kimya kabisa, angalia vitu vidogo kwanza: gia ya otomatiki iko kwenye P au N? Klachi imekanyagwa hadi chini? Na kama hakuna hata taa ya dashibodi inayowaka, tikisa temino kwa mkono. Ikizunguka kwa nguvu ya vidole tu, umeshapata jibu.

Injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki moto, acha betri. Tatizo lako liko kwenye mafuta, plagi au sensa.

Kipimo cha kwanza: betri ikiwa imepumzika

Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Waya mweusi uingie tundu la COM, mwekundu tundu lenye V. Gusa kichwa chenyewe cha betri, ile nguzo fupi ya risasi, siyo temino inayoikumbatia. Tofauti ya hayo mawili utaiona mbele kidogo.

Gari likiwa limetoka kutembea au betri imetoka kwenye chaja, namba utakayoipata itakudanganya. Chaji ya juujuu hubaki kwenye mabamba ya risasi yaliyo ndani ya betri na kupandisha kipimo. Subiri saa kadhaa, vizuri zaidi usiku mzima. Ukiwa na haraka, washa taa kubwa dakika mbili bila kuwasha injini, zime, subiri dakika tano, halafu pima.

Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja hutoa kama volti 2.1. Ndiyo maana iliyojaa husoma 12.6 au 12.7, wala si 12 kamili. Kwenye 12.4 imebaki na robo tatu hivi. Kwenye 12.2 imefika nusu. Ikisoma 12.0 imebaki na kama robo, na 11.8 tayari ni tupu. Watu wengi huona 12.0 wakafurahi kwamba betri ya volti 12 ina volti 12. Betri hiyo ina njaa, na kila siku inayokaa hivyo inazidi kuharibika. Betri za AGM, ambazo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, husoma juu kidogo. Zikijaa hufika 12.8 au zaidi.

Namba moja niiweke peke yake: 10.5. Betri ikichajiwa usiku kucha, ikapumzika, kisha ikasoma karibu na 10.5, seli moja imekufa. Sita zimekuwa tano. Mara nyingi tope la risasi lililodondoka kutoka kwenye mabamba limejaa chini ya seli na kuyaunganisha. Hakuna chaja wala dawa itakayoirudisha.

Ikisoma chini ya 12.4, ichaji kwanza kabla ya kuendelea na vipimo vingine. Betri nzima iliyoishiwa chaji itashindwa kipimo cha pili sawasawa na betri mbovu, na utaitupa bure. Kanuni salama ni kuichaji kwa sehemu moja ya kumi ya uwezo wake: betri ya 60 Ah (ampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri) kwa ampea 6 au chini ya hapo, saa kumi hadi kumi na nne ikiwa ilikuwa tupu. Chaja kubwa ya kuchemsha haraka huipasha joto na kupinda mabamba. Kuliacha gari liungurume robo saa uani hakujazi betri iliyoisha. Alternata imetengenezwa kurudisha kile kidogo kilicholiwa na stata na kuendesha vifaa vya gari. Ukiitwika kujaza betri tupu, unaichosha nayo.

Kipimo cha pili: wakati stata inazunguka

Hiki ndicho kipimo kinachosema ukweli, na ndicho kinachorukwa zaidi. Betri inaweza kupumzika ikiwa na 12.6 na bado isiweze kuzungusha injini. Mabamba yakishaota salfati ngumu (ukoko wa chumvi ya risasi), au chuma cha ndani kinachobeba mkondo kikiwa kimeliwa, volti hubaki lakini mlango wa kutokea mkondo umekuwa mwembamba. Multimita yenyewe hainywi mkondo wowote wa maana, kwa hiyo haiwezi kuuona wembamba huo. Stata inakunywa mamia ya ampea. Yenyewe huuona mara moja.

Shikilia ncha za multimita kwenye vichwa vya betri, mwenzako apige stata sekunde tatu hadi tano. Soma namba ya chini kabisa inayotulia. Betri nzima iliyojaa hubaki juu ya volti 10. Hadi 9.6 bado inakubalika katika hali ya hewa ya wastani. Ikishuka hadi 9 au 8 hali ya kuwa ilianza na 12.6, betri imechoka, hata kama leo gari limewaka. Ikitumbukia 6 au 5, umeisha ubishi.

Kuna jibu la tatu ambalo wengi hawalitarajii: namba haishuki. Unapiga stata, injini haizunguki, na multimita inaendelea kusoma 12.4 kwenye vichwa vya betri. Maana yake mkondo hautoki. Betri iko tayari kutoa lakini njia imekatika. Hapo ndipo temino inapohusika.

Acha ncha nyekundu kwenye kichwa cha chanya, nyeusi iguse temino ya chanya yenyewe, ile inayokibana kichwa hicho. Piga stata. Vitu viwili vinavyogusana vizuri havina tofauti ya volti kati yao, kwa hiyo unatarajia karibu sifuri. Ukiona zaidi ya 0.2, kuna uchafu kati yao unaokula umeme ambao stata ilikuwa inausubiri. Rudia upande wa hasi. Kisha pima kutoka kichwa cha hasi hadi chuma tupu cha injini: ikizidi 0.3 hivi, waya wa ethi, ule wa hasi unaokwenda kwenye bodi na injini, umeoza ndani ya mpira wake au boliti yake kwenye bodi imeshika kutu. Upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi boliti nene ya stata, usizidi 0.5.

Betri nyingi hutupwa kwa ajili ya waya huo wa ethi. Kwa nje unaonekana mzima. Ukiukunja karibu na temino unasikia nyuzi za shaba zikikatika ndani kama changarawe, na ukichubua mpira unakuta unga wa kijani.

Temino yenyewe mara nyingi huota unga mweupe au wa samawati-kijani. Hiyo ni chumvi itokanayo na mvuke wa asidi. Fungua temino, changanya kijiko kikubwa cha magadi soda kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, mwagia kidogokidogo. Itachemka na kutoa povu. Povu likikoma asidi imeisha. Hakikisha vifuniko vya seli vimefungwa, maana magadi yakiingia ndani yanaua asidi ya betri yenyewe. Suuza kwa maji, kausha, sugua kichwa na sehemu ya ndani ya temino kwa brashi ya waya hadi risasi ing'ae. Kaza, halafu ndipo upake mafuta ya mgando kwa juu. Mafuta hukinga hewa na mvuke, hayasaidii umeme kupita, kwa hiyo hayana kazi ya kuwekwa kati ya kichwa na temino.

Kipimo cha tatu: injini ikiwaka

Washa injini, kanyaga mafuta kidogo hadi mizunguko 1500 hivi kwa dakika, pima tena kwenye vichwa vya betri. Unataka kati ya 13.8 na 14.7. Kisha washa taa kubwa, feni ya hewa, na kipasha kioo cha nyuma kama kipo. Namba itashuka kidogo, lakini isianguke chini ya 13.2.

Ikibaki 12 na kitu na kuzidi kuteremka taratibu, hakuna anayechaji. Angalia mkanda wa alternata umelegea au umeng'aa kwa kuteleza, angalia plagi na waya mnene nyuma ya alternata, na fyuzi kubwa iliyo karibu na betri. Kaboni za ndani ya alternata huisha pia. Ukiweka betri mpya kwenye gari la namna hii, litatembea vizuri siku moja au mbili, kisha litakuachia njiani.

Ikipita 15, kidhibiti cha volti, yaani regyuleta, kimeharibika na betri inachemshwa. Utasikia harufu ya mayai yaliyooza, maji yatakuwa yanakauka kila wiki, na ubavu wa betri utakuwa umevimba. Betri iliyovimba isichajiwe wala kubusitiwa (kuwashwa kwa umeme wa betri ya gari jingine). Ondoa tu, kwa uangalifu.

Magari mengi ya miaka ya karibuni yana alternata inayoongozwa na kompyuta. Kwa hayo unaweza kuona 12.8 dakika hii na 14.8 dakika ijayo, na vyote vikawa sawa. Washa taa na feni, subiri dakika chache, angalia kama namba inapanda. Ikipanda, alternata ipo kazini.

Na tafadhali usikubali kipimo kile cha zamani cha kuchomoa temino gari likiwa linawaka ili kuona kama litazima. Betri ndiyo inayozuia volti zisiruke. Ukiiondoa, volti zinaweza kupanda ghafla na kuunguza kompyuta ya injini, regyuleta na redio kwa mpigo mmoja. Kipimo hicho kilikuwa na nafuu wakati gari halikuwa na kompyuta hata moja.

Betri nzima, alternata nzima, na bado asubuhi haliwaki

Basi kuna kinacholamba umeme usiku. Kila gari hutumia kidogo likiwa limezimwa, kwa ajili ya saa, alamu na kumbukumbu za kompyuta. Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Hesabu yake ni rahisi: 0.05 mara saa 24 ni 1.2 Ah kwa siku, na betri ya 60 Ah itachukua zaidi ya wiki tatu kufika nusu. Sasa chukua taa ya buti ya wati 5 isiyozimika. Inakunywa kama ampea 0.4, karibu 10 Ah kwa siku. Siku ya tatu betri iko nusu, na kama ilikuwa imechoka tayari, haitawasha.

Kabla ya kupima, fungua mlango wa dereva na usukume komeo lake kwa bisibisi hadi lijifunge, ili gari liamini kwamba mlango umefungwa. (Ukimaliza, vuta kishikio ulifungue kabla ya kufunga mlango, usije ukaligonga komeo na kulivunja.) Fanya hivyo kwa boneti pia kama ina swichi ya alamu. Toa ufunguo, weka rimoti mbali na gari, subiri nusu saa, na kwa magari yenye kompyuta nyingi subiri saa nzima. Kompyuta haziendi kulala kwa pamoja.

Hamisha waya mwekundu wa multimita uende tundu la 10A na geuza swichi kwenye ampea za DC. Legeza temino ya hasi bila kuiondoa. Gusa ncha moja kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye temino, na huku ncha zikiwa zimegusa, inua temino taratibu. Hivyo mkondo haukatiki, na gari haliamki upya. Sasa mkondo wote unapita ndani ya multimita. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa wakati huo, utaunguza fyuzi ya multimita.

Ukiona 0.03, gari ni safi. Ukiona 0.4, anza kutafuta. Njia inayojulikana ni kuchomoa fyuzi mojamoja hadi namba ianguke. Inafanya kazi, ila kila fyuzi unayorudisha huamsha kompyuta fulani na unaanza kusubiri upya. Njia bora ni kuziacha fyuzi mahali pake. Fyuzi za bapa zina vidoa viwili vya chuma vilivyo wazi juu yake. Rudisha temino, weka multimita kwenye milivolti, gusa vidoa hivyo viwili. Sifuri ni kwamba hakuna mkondo unaopita. Hata milivolti moja ni kwamba njia hiyo inakunywa. Soma kwenye kifuniko cha kisanduku ni fyuzi ya nini, na umeshapunguza eneo la kutafuta hadi vifaa vichache. Wanaokamatwa mara kwa mara ni taa za buti na za droo ya dashibodi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyogandana, redio iliyofungwa baadaye, na alamu au kifaa cha kufuatilia gari kilichounganishwa pasipofaa. Ikiwa fyuzi zote ni kimya na mkondo bado upo, chomoa waya wa alternata: diodi (kifaa kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu) iliyoungua ndani yake huvujisha umeme wa betri usiku kucha.

Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la V. Usingoje. Ukiusahau kwenye 10A, siku utakayokwenda kupima volti utakuwa unaunganisha chanya na hasi ya betri moja kwa moja kupitia multimita.

Kama betri yako ina vifuniko

Betri zenye vifuniko vya kufungua hukupa kipimo ambacho zilizozibwa hazina: uzito wa asidi ya kila seli ukilinganishwa na maji, kwa haidromita, ile bomba ya kioo yenye kielea. Ikijaa, kila seli husoma 1.265 hadi 1.280. Nusu ni karibu 1.190. La kutazama zaidi ni tofauti. Seli tano zikiwa 1.260 na moja 1.190, hiyo moja ndiyo inayokuangusha, kwani pengo la 0.050 au zaidi kati ya seli ni dalili ya betri inayokwisha.

Maji yakiwa yamepungua hadi mabamba yanaonekana, ongeza maji yaliyosafishwa tu, yale ya betri yasiyo na madini, hadi yafunike mabamba kwa kiasi, ndipo uchaji. Jazia hadi alama baada ya kuchaji, kwa sababu maji hupanda yakichajiwa na ukijaza mapema asidi itamwagika juu. Usiongeze asidi. Kinachopotea kwa kuchemka ni maji, asidi imebaki ndani. Ukiiongeza unaifanya kali zaidi na kula mabamba.

Kununua ya badala

Soma namba za betri ya zamani, lakini thibitisha na kitabu cha gari, maana huenda aliyekutangulia aliweka isiyo yake. Kwenye namba za Kijapani kama 55D23L, 55 ni daraja la nguvu, D ni kipimo cha upana na kimo, 23 ni urefu kwa sentimita, na L inakuambia chanya iko upande gani. Herufi hiyo ya mwisho ndiyo inayorudisha watu dukani. Ukichukua R badala ya L, waya haufiki, na mtu anaanza kuuvuta kwa nguvu hadi unapita juu ya kichwa kingine. Angalia pia unene wa vichwa, kwani baadhi ya betri ndogo zina vichwa vyembamba na temino pana hazitavibana hata ukikaza hadi mwisho. Kujaza nafasi hiyo kwa kipande cha bati au msumari ni kujitengenezea moto.

Ah kubwa kidogo kuliko ya asili haina madhara ikiwa inakaa vizuri kwenye trei. CCA, yaani nguvu ya kuwasha kwenye baridi, isiwe ndogo kuliko iliyoandikwa na mtengenezaji. Gari linalojizima lenyewe kwenye foleni na kuwaka tena linataka EFB (betri ya maji iliyoimarishwa) au AGM. Lililotoka kiwandani na AGM lirudishiwe AGM. Ya kawaida itakufa mapema sana. Betri inayokaa ndani ya buti au chini ya kiti ina mpira mwembamba wa kutoa gesi nje: hakikisha mpya ina tundu la kuupokea, na uuchomeke.

Tafuta tarehe ya kutengenezwa, na pima volti hapo hapo dukani. Betri iliyokaa rafuni ikashuka chini ya 12.4 imeanza kuota salfati kabla hujaimiliki. Iache.

Kutoa na kuweka

Zima kila kitu, toa ufunguo, fungua vioo kidogo na uache buti wazi kama kufuli zake ni za umeme. Hakikisha una namba ya siri ya redio ikiwa yako huiuliza.

Hasi hutoka kwanza. Sababu yake ni hii: bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa chuma chochote huku ikiwa kwenye chanya, umeiunganisha betri na yenyewe, na cheche zitaruka hapo hapo juu ya vifuniko. Hasi ikishatoka, chanya hata ikigusa bodi hakuna njia ya mkondo. Legeza nati, zungusha temino kushoto na kulia huku ukiinua. Isipotoka usiitumbue kwa bisibisi, unaweza kung'oa kichwa cha betri au kupasua kifuniko. Mwagia maji ya magadi, subiri, jaribu tena. Ukiona kisanduku kidogo cha plastiki kimeshikamana na temino ya hasi, hiyo ni sensa ya betri na huvunjika kirahisi. Funga temino ya hasi kwa kitambaa ili isirudi yenyewe.

Toa chanya, kisha chuma kinachoishika betri. Inua kwa magoti, si kwa mgongo, kwani ni kilo 15 hadi 20, na iweke wima. Osha trei kwa magadi na maji, sugua kutu.

Weka mpya, na ukaze kishikio chake kabla ya kitu kingine. Betri inayocheza hupukutisha risasi ya mabamba kwa kila shimo la barabara, na tope hilo ndilo linaloua seli. Kisha chanya, hasi mwisho. Kaza mpaka temino isizunguke kwa mkono, na usizidi. Risasi ni laini. Cheche ndogo hasi inapogusa ni kawaida. Cheche kubwa ni kwamba kuna kifaa umekiacha kinawaka.

Washa injini, rudia kipimo cha tatu. Muungurumo unaweza kuyumba kwa muda mpaka kompyuta ijifunze upya. Vioo vya umeme ambavyo havipandi kwa mguso mmoja, shusha kimoja hadi chini, pandisha hadi juu na uendelee kushikilia swichi sekunde kadhaa. Baadhi ya magari yanataka yaambiwe kwa mashine ya uchunguzi kwamba betri ni mpya, la sivyo yataendelea kuichaji kama ya zamani. Kitabu cha gari kitasema.

Ya zamani irudishe kwa muuza betri au mnunuzi wa vyuma anayepokea betri nzima nzima, isafirishwe ikiwa imesimama wima. Usiimwage asidi chini wala kuivunja nyumbani kutafuta risasi; vumbi lake hubaki kwenye udongo wanapochezea watoto. Na kabla haijaondoka mikononi mwako, iandike kwa peni nene tarehe uliyoiondoa na namba tatu ulizozipata. Andika tarehe ya leo na namba tatu za mpya kwenye ubavu wake pia. Miaka miwili ijayo, itakaposoma 10.1 kwenye stata badala ya 11 ya leo, utaiona ikichoka miezi kabla haijakuachia.